Namba Iliyofutwa

Jumanne moja, saa nne na dakika saba asubuhi, mwanamke mmoja aliandika namba yake ya simu kwenye fomu niliyoitengeneza mimi. Akakaa nayo kidogo. Kisha akaifuta tarakimu moja moja, akafunga ukurasa. Saa nne na dakika kumi kijana wa mauzo alimpigia.

"Namba yangu umeitoa wapi?"

"Umetuachia kwenye tovuti yetu, dada."

"Mimi sijamwachia mtu namba."

Akakata. Kijana akanipigia mimi huku anacheka, kunipa hongera kwamba mfumo umeanza kufanya kazi.

Kampuni sitaitaja. Inauza viwanja na kupangisha nyumba hapa Dar es Salaam, na wao ndio walioniagiza, ila mkono ulioandika ni wangu. Jambo lenyewe ni jepesi kiasi cha kutia aibu. Fomu ya kwenye intaneti hailazimiki kumsubiri mtu abonyeze "Tuma". Ukiiamuru, itapeleka kila herufi kwenye seva palepale inapoandikwa, na mtu akifuta, anafuta kwenye kioo cha simu yake tu. Mistari haikufika kumi. Niliiandika usiku baada ya isha, nikaijaribu kwa namba ya mama, ikakubali, nikalala.

Usingizi ulikuja kupungua baada ya ile Jumanne. Mtu ametoa kitu mfukoni, amekishika, amekirudisha mfukoni. Mimi nimekiona. Je, amenipa?

Watu wa mauzo wana neno lao, lidi. Lidi ni mtu aliyeonyesha dalili ya kutaka nyumba au kiwanja na akaacha namba. "Leo tuna lidi ngapi?" ndilo swali la kila asubuhi, na katika miaka sita ya kazi hii sijamsikia bosi hata mmoja akiuliza leo tuna watu wangapi. Lidi inaweza kuwa ya moto au ya baridi, inanunuliwa, inauzwa, inaoza ikikaa. Kanuni ya vijana wa mauzo ni kwamba ikipita robo saa hujapiga, mwenzako keshapiga. Kwa hiyo dakika tatu za yule kijana zilikuwa sifa, na hongera aliyonipa ilitoka moyoni.

Mimi ni mtoto wa dalali, na hilo nalitaja mapema ili msomaji asidhani nawatazama madalali kutoka juu ya dari. Baba alikuwa na benchi lake Magomeni Mapipa, chini ya mwarobaini, na kauntabuku ndani ya mfuko wa rambo. Alipenda kueleza kwamba dalali na dalili ni ndugu wa tumbo moja katika Kiarabu: dalali ni mtu anayeonyesha. Alijua pia kwamba jina hilo lina doa. Kuna hadithi ya Mtume inayomkataza mtu wa mjini asimuuzie mtu wa shamba bidhaa yake, na sahaba Ibn Abbas alipoulizwa maana yake, alieleza kwamba asijifanye dalali wake. Baba aliijua vizuri hadithi hiyo. Alijua pia kwamba wanazuoni Ibn Sirin na Ata hawakuona ubaya katika ujira wa dalali, na majina hayo mawili aliyataja mara nyingi kuliko majina ya wajomba zangu.

Mteja akija, baba aliuliza mambo matatu: unataka wapi, vyumba vingapi, mfuko unasemaje. Mengine aliyaona kwa macho na akayanyamazia. Mwanamke mwenye furushi na jicho lililovimba alikuwa anatafuta chumba, basi, na chumba ndicho kilichoandikwa.

Fomu ya kwanza niliyoagizwa na kampuni ile ilikuwa na sehemu kumi na nne za kujaza. Jina, simu, barua pepe, umri, hali ya ndoa, idadi ya watoto, kazi, mwajiri, kipato kwa mwezi, unaishi wapi sasa, kwa nini unahama, na nyingine nimezisahau. Pembeni ya kila moja kinyota chekundu. Kinyota kile kina kiburi cha ajabu: ni kidogo kama chawa, lakini bila kukitii hupiti. Mafundi wa kazi hii tunajua kila swali linaloongezwa linafukuza watu, kwa hiyo tukabuni dawa. Fomu inakatwa vipande. Kwanza unaulizwa mambo matamu, Sinza au Tegeta, vyumba viwili au vitatu, unataka masta au hutaki, kuna picha za kubonyeza, kuna mstari wa kijani unaokuonyesha umebakiza kidogo. Namba ya simu inakuja mwisho kabisa. Mtu aliyekwisha kupanda ngazi tano haoni sababu ya kushuka kwa ajili ya ya sita. (Kuna sehemu nyingine tunaificha kabisa, jicho la mtu haliioni; roboti wa kutuma matangazo ya uongo ndiye anayeiona na kuijaza, akanaswa. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya fomu zangu ninayoipenda bila masharti.)

Katika kazi yangu neno kodi lina maana mbili, ile anayolipa mpangaji na ile ninayoiandika mimi kwenye kompyuta, na zote mbili anazibeba mpangaji.

Nilikwenda kwa Maalim aliyenifundisha alifu na bee. Sasa ni mzee, anashinda barazani kwake Ilala na redio. Shikamoo haijapoa, akanipa simu yake: imejaa, haipokei picha. Nikakaa robo saa nafuta maua na vikombe vya kahawa vya "Asubuhi njema" alivyotumiwa na watu tangu Ramadhani mbili zilizopita, ndipo nikapata nafasi ya kueleza shida yangu. Nilidhani atauliza fomu ni nini. Hakuuliza, alikwishajaza za kutosha, za bima na za pensheni.

"Kwenye hiyo fomu yako anayebisha hodi ni nani?"

"Yeye, Maalim. Mteja. Amekuja mwenyewe kwetu, hatukumwita."

"Na anayeingia ndani ni nani?"

Nikawa sina jibu. Kweli, aliyekuja mlangoni ni yeye, na tovuti ni nyumba yetu. Lakini hajaingia popote. Amesimama nje akitazama picha za sebule, na wakati anatazama, sisi tumekwishaingia kwake: kwenye simu yake, kwenye mshahara wake, kwenye ndoa yake, na kwenye namba ambayo mtoto wake akiumwa shuleni ndiyo inayopigwa. Hodi imegeuzwa nje ndani. Anaipiga mgeni na anayepita ni mwenyeji.

Maalim alinikumbusha Sura ya Nuru, pale waumini wanapofundishwa wasiingie nyumba za wengine bila kuomba ruhusa na kutoa salamu, na wakiambiwa warudi, warudi, kwamba hivyo ni safi zaidi kwao. Akanisimulia kisa cha Abu Musa al-Ashari, ambacho nilikisikia utotoni kama kisa cha adabu tu. Abu Musa alifika mlangoni kwa Umar bin al-Khattab, naye wakati huo ni khalifa, akabisha mara tatu, hakuitikiwa, akaondoka zake. Umar alikuwa ndani na shughuli. Alipomuuliza kwa nini alirudi, Abu Musa akasema ndivyo walivyofundishwa na Mtume. Umar akataka shahidi, na kwa ukali. Aliyesimama kumshuhudia ni Abu Said al-Khudri, mdogo kuliko wote waliokuwa pale.

Maalim alikazia ukali wa Umar, kwamba hata khalifa hakubaliwi wala hakubali jambo bila ushahidi. Mimi nilibaki na Abu Musa mlangoni. Hakuchungulia. Hakupima kama viatu vipo kizingitini. Alijua pengine mtu yumo ndani, na kimya cha mtu aliyemo ndani alikihesabu kuwa ni jibu. Sisi kimya hicho tunakiita nafasi. Asipojibu ujumbe wa kwanza, mfumo unatuma wa pili kesho yake, wa tatu baada ya siku tatu, wa nne wenye punguzo la bei. Wa saba ndio unaotaja jina lake mara mbili.

Pwani tunazo hodi tatu hizo tangu zamani, na tumezijengea hata kuta. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina baraza nje. Mgeni anakaa pale, anakunywa kahawa, anamaliza biashara yake na kuondoka bila kujua rangi ya pazia la ndani. Akisogezwa, anafika dakani, yaani ukumbi wa mlangoni. Kule Lamu ukivuka kiwanda, yaani ule ua wa katikati, kuna misana, zile kumbi ndefu, na nyuma ya misana kuna ndani, na kila hatua ina watu wake. Aliyebuni nyumba ile hakuandika kitabu cha falsafa, aliandika kwa chokaa. Fomu nyingi ninazoziona, zangu zikiwemo, hazina baraza. Ukigusa mlango uko chumbani.

Turudi kwenye kufuta, maana hapo ndipo panaponiuma.

Tumefundishwa kwamba kila mmoja wetu ana malaika wawili waandishi. Nilipokuwa mtoto niliwaogopa kuliko giza. Niliwadhania wanaandika hata ninachofikiria nikiwa kitandani. Baadaye nikasoma kwamba mambo hayako hivyo. Wanazuoni waliyapanga yanayopita moyoni kwa madaraja matano: hajis, kile kinachopita kama nzi, khatir, kile kinachotua, hadithi nafsi, mtu anapojisemea, hamm, anapoelekea, na azma, anapokata shauri. Wengi wao wakaona linaloweza kuhesabiwa ni azma peke yake. Na iko hadithi katika Bukhari na Muslim kwamba mja akikusudia baya kisha akaacha kulitenda, anaandikiwa jema kamili.

Kutoa namba ya simu si dhambi, najua, na mfano wangu unachechemea. Lakini upime. Mwanamke yule alikuwa kwenye daraja la nne. Alielekea, akasita, akarudi nyuma. Katika daftari la mbinguni, ambalo mwenye nalo anajua kila kitu na hana haja ya kuuliza, kurudi nyuma kunaheshimiwa. Katika daftari langu, la binti wa Magomeni mwenye kompyuta ya mkopo, kurudi nyuma hakukuwa na safu yake. Kulikuwa na safu ya namba, na namba ilikuwamo. Niliunda mwandishi mroho kuliko wale niliowaogopa utotoni.

Sikuwa peke yangu, ingawa hilo halinipunguzii. Mwaka 2022 watafiti kutoka vyuo vikuu vya Radboud, KU Leuven na Lausanne walitoa matokeo ya kupitia tovuti 100,000 zinazotembelewa zaidi duniani. Walikuta tovuti 1,844, zikifunguliwa kutoka Ulaya, ambazo anwani ya barua pepe ilichukuliwa na kupelekwa kwa wafuatiliaji kabla mtu hajatuma fomu na bila ridhaa yake. Zikifunguliwa kutoka Marekani zilikuwa 2,950. Ulaya ina sheria kali ya taarifa binafsi inayotumika tangu 2018. Anayetaka kuoanisha, na aoanishe. Ninachokiona ni kwamba fundi aliyeandika mistari ile anaweza kuwa yuleyule, akamhurumia mtu wa huku na kumchuna wa kule kwa kutazama tu ameingilia mlango upi.

Sasa nimpe haki yake kijana wa mauzo, maana hoja yake si ya kijinga. Nilipomwambia nataka kuitoa ile mistari, alinijibu hivi: "Dada, tangazo tunalilipia kila anapobonyeza mtu mmoja. Huyo tumemlipia nauli mpaka mlangoni. Akigeuka, hasara ya nani?" Yeye hana mshahara wa maana, anakula kamisheni. Kodi ya nyumba yake inatoka kwenye nyumba za wengine. Na alinikumbusha jambo ambalo mtoto wa dalali hapaswi kulisahau, kwamba kabla ya fomu hizi mtu aliyetafuta chumba alizungushwa Kinondoni nzima kwa miguu, kila nyumba analipia hela ya kuonyeshwa, elfu kumi hapa, elfu ishirini pale, na jioni anarudi kwao hana chumba na hana hela. Akipata, dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja juu ya ile miezi sita ya mwenye nyumba. Fomu imewapunguzia watu wengi mateso hayo. Hilo ni kweli na nalisema kwa moyo mweupe.

Ila kuhusu nauli nilimwambia aende Kariakoo, Mtaa wa Kongo, akamtazame muuza khanga. Naye amelipia fremu, tena kwa bei ya kuumiza. Wanawake wanaingia, wanashika, wanakunja, wanasoma jina, wanarudisha, wanatoka. Hajawahi kumfuata mmoja wao hadi kituoni akamshika upindo. Akajibu kwamba muuza khanga hana namna, angekuwa nayo angefanya. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo silijui jibu lake. Huenda adabu zetu nyingi zilikuwa ni kukosa namna.

Jambo la bei liliniletea mzozo mwingine. Kampuni ilitaka bei ionekane baada ya kuacha namba, si kabla. Ni desturi ya biashara hii sasa: picha nzuri, neno "Pata bei", kisha fomu. Hapa sikuhitaji Maalim. Katika milango ya fiqhi ya biashara kuna katazo la kuupokea msafara njiani. Watu wa mjini walikuwa wakitoka kuwalaki wenye ngamia na mizigo kabla hawajafika sokoni, wakanunua bidhaa zao wakati hawajajua soko linasemaje. Mtume akalikataza hilo, na mwenye mali iliyonunuliwa hivyo akapewa hiari akifika sokoni na kuona kapunjwa. Kilichokatazwa pale ni kumwahi mtu akiwa bado gizani. Kumnyima bei mpaka atoe namba, kisha kumpigia ndani ya robo saa kabla hajaangalia kwingine, sioni umbali wake na ngamia ni upi. Bosi aliponisikia alisema mimi ni fundi au shekhe, nichague.

Nitasema na lile nililolifanya kwa hiari yangu. Bosi mwingine, wa nyumba za kupangisha, alitaka niongeze "Dini" yenye chaguo tatu: Mwislamu, Mkristo, Nyingine. Nilikataa, nikajisikia shujaa. Wamarekani walipiga marufuku kumbagua mpangaji kwa dini yake tangu Aprili 1968, wiki moja baada ya kuuawa Martin Luther King, na sisi tunaojivunia kuzikana bila kuulizana misikiti na makanisa tunataka kuiwekea kitufe! Hivyo ndivyo nilivyohutubia. Lakini "Hali ya ndoa" nilikwishaiweka mwezi uliotangulia, na kinyota chake, bila kunung'unika. Mimi! Niliyekuwa na miaka ishirini na saba, mshahara ninao, kodi ya miezi sita kwenye bahasha, nikaulizwa na mwenye nyumba Mwananyamala mume wangu yuko wapi, na baba amesimama pembeni yangu. Baba alisema tu, "Twende, mwanangu," na njia nzima hakulitaja tena. Swali lile nililichukia kama mtu, kisha nikaliandika kama fundi, likawauliza wanawake nisiowajua, usiku na mchana, bila hata sura ya kuona haya.

Mwenye nyumba ana haki ya kumchagua wa kukaa naye, sibishi. Waarabu wana msemo wa kutazama jirani kabla ya kutazama nyumba. Lakini mwenye nyumba anayeuliza ana uso wake, na anayeulizwa anaweza kuutazama uso huo akaamua kuondoka. Kinyota hakina uso. Nchini kwetu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na imani ya dini imo katika zile inazoziita taarifa nyeti. Inataka pia mtu akusanye kile tu kinachohitajika kwa kazi aliyoitaja. Nilipoisoma nilimkumbuka baba na maswali yake matatu. Yeye alifika hapo bila Bunge.

Basi niliitoa mistari ile, nikarudisha bei mbele, nikafuta sehemu kumi na moja. Zikabaki tatu. Kampuni haikusema neno baya; mwezi uliofuata walipata fundi mwingine, na nasikia lidi zimeongezeka.

Kabla sijakabidhi nywila zao nilikwenda kwenye safu ya mwanamke yule, nikaifuta. Kufuta kwenyewe ni sekunde moja. Lakini seva inatengeneza nakala rudufu kila usiku na kuzitunza siku thelathini, kwa hiyo namba yake ilikuwamo kwenye nakala zote za tangu ile Jumanne, kama mtu aliyepigwa picha kwenye harusi ambayo hakualikwa. Nilizifungua moja moja. Usiku kucha. Alfajiri ilipoadhiniwa nilikuwa nimebakiza nne.

Shida iliyobaki ni ya toba. Tumefundishwa kwamba kosa kati yako na Mola unaomba msamaha kwake, lakini haki ya mtu haimaliziki mpaka umrudie mwenyewe: umrudishie chake, umwombe radhi. Nilitaka kumwomba radhi yule dada. Na ili nimwombe radhi lazima nimpigie, na ili nimpigie lazima nitumie namba ambayo hakunipa. Ingekuwa simu ya pili. Angeuliza tena umeitoa wapi, na jibu langu la kweli lingekuwa baya kuliko la yule kijana.

Nilimrudia Maalim. Alikaa kimya muda mrefu, redio inasoma matangazo ya vifo. Mwisho alisema wanazuoni wamelijadili jambo linalofanana na hilo, pale ambapo kumwambia uliyemkosea kunamzidishia madhara: wako walioona umwombee dua na kumtakia heri pale ulipomdhuru.

"Nimwombeeje, Maalim, na jina lake silijui?"

"Anayeombwa analijua."

Ninamwombea nyumba. Sijui ilikuwa ya Goba au ya Kigamboni, hakufika kwenye swali hilo. Au alifika, sikumbuki, na sitaki kukumbuka.

Baba alifariki mwaka 2016. Kauntabuku zake kumi na tisa ziko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na kila nikitaka kuzichoma mama anauliza kwani ni zangu. Mfumo wake ulikuwa mmoja: mtu akipata nyumba, baba anampigia mstari wa kalamu juu ya jina, si wa kufuta, wa kupumzisha. Nimezipitia Idi hii iliyopita. Majina mengi yana mstari. Katika daftari la mwaka 1994, ukurasa wa katikati, kuna asiye nao. Ameandikwa hivi: mama mwenye watoto watatu, chumba na sebule, Mapipa au karibu, elfu nane. Jina hakuna. Simu za mkononi hatukuwa nazo, kwa hiyo pale ambapo mimi ningeweka namba na kinyota, baba ameandika kwa penseli: aulizwe kwa muuza mkaa, upande wa msikiti, akitaka atakwambia alipo.